Mafuta Yaliyopotea na Rafadha Mbili



Wasomaji wetu wa pwani, na nyinyi wenzetu mliohamia bara kwa sababu za kazi na ndoa, makala haya tunayaandika kutoka Njoro, mji mdogo ulio kusini magharibi mwa Nakuru. Huku watoto huenda madrasa wamevaa sweta, mashamba ya ngano yametuzunguka, na bahari ni kitu cha kuhadithiwa. Huenda mkastaajabu kusikia kwamba jambo tulilokusudia kuwaeleza ni rafadha za boti, zile ambazo manahodha wengi huziita propela tu. Lakini kwa ajili ya rafadha mbili zilizokosa kulingana, sisi tulikaribia kumdhulumu mtu mwaminifu. Tumeona ni haki kwenu kuyasikia, na ni haki yake yeye sisi kuyasema.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu ameolewa na kaka wa mwenzake, na riziki ilituleta sote huku juu, tukakaa nyumba zinazopakana. Mama yetu, ambaye ni mzazi wa mmoja na mkwe wa mwingine, tunaishi naye. Amezaliwa na kulelewa katika nyumba ya mabaharia, na baridi ya Njoro haijamsahaulisha hata jina moja la sehemu za jahazi.

Miaka kadhaa iliyopita tuliuza sehemu ya dhahabu zetu za arusi, tukaongeza na akiba, tukanunua Mombasa boti ya faiba yenye mashine mbili, kila moja ya nguvu farasi 40. Tuliipandisha kwa lori mpaka Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka kwetu, ili iwatembeze wageni wanaokuja kutazama viboko na ndege. Kwa kuwa kila mmoja wetu alilipia mashine moja, tulizoea kusema kwa mzaha kwamba ya kushoto ni ya huyu na ya kulia ni ya yule. Mzaha huo baadaye ulitutoa machozi.

Nahodha tulimtoa pwani vilevile. Ni mtu mzima wa visiwa vya Lamu, aliyefanya kazi na wazee wetu. Yeye ndiye aliyetushauri tununue mashine mbili ndogo badala ya moja kubwa. Alisema ziwani kuna viboko na upepo wa alasiri unaokuja ghafla, na mashine moja ikizima katikati ya maji, ya pili itawarudisha watoto wa watu kwao. Tukamsikiliza, na mwaka wa kwanza ukapita kwa salama. Kila Alhamisi usiku tulifungua daftari tukajumlisha: safari, wageni, mafuta. Safari ya saa moja ilikula wastani wa lita 14 za petroli kwa mashine zote mbili.

Wanaolijua Ziwa Naivasha wanajua kwamba maji yake yamepanda sana, hasa mwaka 2020, kama yalivyopanda maji ya Nakuru, Baringo na Bogoria. Migunga iliyokuwa ukingoni imebaki ndani ya maji imekufa imesimama, na mingine imekatika ikaacha visiki ambavyo jicho halivioni. Siku moja rafadha ya kushoto iligonga kisiki. Panga moja la rafadha likakatika na jingine likapinda. Nahodha akazima mashine ile, akarudi taratibu kwa mashine moja na wageni wake wote salama.

Tulitafuta rafadha nyingine madukani. Tukapata moja yenye mapanga matatu kama ile, ya alumini kama ile, yenye rangi nyeusi kama ile, na ikaingia kwenye mtaimbo wa mashine kama pete kidoleni. Tukashukuru, tukalipa, na boti ikarudi kazini siku ya tatu.

Kuanzia wiki hiyo hesabu ikaanza kutukataa. Safari ya saa moja, njia ileile, idadi ileile ya wageni, ikawa inakula lita 18. Lita 4 za ziada kwa safari, safari sita kwa wiki, zilikuwa lita 24, yaani zaidi ya dumu zima kila Alhamisi. Ukiwa na chombo kidogo, dumu moja kwa wiki ndilo ada ya shule, au ndiyo faida yenyewe.

Kwanza tulilaumiana sisi kwa sisi. Mwenye mashine ya kushoto alisema yake ina rafadha mpya, basi inayokula ni ya kulia. Mwenye ya kulia alisema yake haikuguswa na kisiki, basi iliyoharibika ndani ni ya kushoto. Maneno yalipanda mpaka siku mbili tukapikia majiko mbalimbali, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuhamie Njoro.

Tulipopatana, tulipatana juu ya kosa kubwa zaidi: tulimshuku nahodha. Nani mwingine anayeshika dumu? Nani anayejaza tangi alfajiri sisi tukiwa mbali? Tukaanza kufika ziwani bila taarifa na kupima mafuta mbele yake. Naye alikuwa akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito, kwamba chombo chataka kwenda kushoto muda wote, na kwamba jioni mikono humuuma kwa kukishikilia. Tuliyasikia hayo kama visingizio vya mtu mwenye jambo. Mmoja wetu alizungumza na nahodha mwingine pale gatini kama angeweza kuichukua kazi. Karatasi ya hesabu yake ya mwisho ilikuwa tayari imeandikwa.

Usiku huo, tukiwa tumekaa sebuleni Njoro na jiko la makaa katikati, Mama alituuliza tunahesabu nini. Tukamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wanangu, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo zake mmezitazama?" Tukasema rafadha ni mpya. Akasema: "Sikuuliza kama ni mpya. Nimeuliza kama mmezitazama." Halafu akatukumbusha kwamba dhana ni mzigo, na kwamba mtu akishaitwa mwizi, hata akisafishwa, baadhi ya watu hubaki na neno la kwanza tu.

Kesho yake tulimpigia nahodha simu, tukamwomba azifungue rafadha zote mbili azilete Njoro. Alikuja na matatu, rafadha zikiwa ndani ya gunia la sukari. Tukamwita pia jirani yetu, fundi wa mitambo ya kuvunia ngano, na binti yetu mmoja anayesomea uhandisi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kiko papa hapa Njoro tangu kilipoanzishwa mwaka 1939 kama skuli ya wakulima. Rafadha tukazilaza juu ya meza, moja kando ya nyingine. Kwa macho yetu zilikuwa mapacha.

Fundi hakuzigusa kwanza. Alitutoa nje akatuonyesha, kwenye mashine iliyokuwa karakanani kwake, bomba lenye parafujo ndefu ndani yake, ile inayopandisha ngano kutoka chini mpaka juu. "Mama," akasema, "parafujo hii ikizunguka mara moja, punje inapanda kiasi cha mwanya ulio kati ya ukingo huu na ukingo unaofuata. Ukingo ukilala, punje inapanda kidogo lakini kwa wepesi. Ukingo ukisimama, punje inaruka mbali lakini injini inaumia. Rafadha ni kipande cha parafujo hii. Maji ndiyo ngano yake."

Masafa hayo ambayo rafadha ingeyapita kwa mzunguko mmoja, kama ingekuwa inapenya katika kitu kigumu kama skrubu inavyopenya mbaoni, mafundi wengi huyaita pichi. Sisi tutayaita hatua, maana kwa kweli ni hatua: kila rafadha inapozunguka mara moja, chombo kinapiga hatua moja. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya hatua hupotea kwa kuteleza, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 kwa boti nyepesi ya mwendo. Lakini hatua ndiyo inayoamua mashine itabeba mzigo gani. Hatua ndefu ni kama kupanda mlima wa Njoro kwa gia kubwa: gari linavuta kwa taabu. Hatua fupi ni kama gia ndogo: injini inalia kwa kasi, gari linakwenda kidogo.

Binti yetu akasema hatua inaweza kupimwa nyumbani. Aliweka sinia bapa juu ya meza, juu yake karatasi, akachora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na mistari inayoligawa duara hilo kwa nyuzi 60. Akailaza rafadha, kitovu chake katikati ya duara. Kisha akasimamisha rula juu ya mstari mmoja, akapima kimo cha uso wa panga kutoka sinia. Akaenda kwenye mstari wa pili akapima tena. Tofauti ya vimo viwili ndiyo kupanda kwa panga katika nyuzi 60. Duara zima ni nyuzi 360, yaani mara sita ya hizo. Basi zidisha kwa sita upate hatua.

Rafadha ya kulia, iliyotoka Mombasa na boti, panga lake lilipanda sentimita 5.5. Mara sita ni sentimita 33, yaani inchi 13. Ile tuliyoinunua ilipanda sentimita 4.7 kasoro kidogo. Mara sita ni kama sentimita 28, yaani inchi 11. Nahodha akachukua kisu, akakwangua rangi kwenye kitovu cha kila moja. Namba zilikuwapo siku zote, zimefunikwa na rangi: kwenye moja ya mwisho ilikuwa 13, kwenye nyingine 11. Hakuna aliyesema neno.

Inchi mbili ni urefu wa kidole cha mtoto. Zinafanya nini? Tuseme nahodha ameweka mashine zote mbili zizunguke mara 5,000 kwa dakika. Gia iliyo chini ya mashine zetu hupunguza mizunguko hiyo kwa nusu, kwa hiyo kila rafadha inazunguka mara 2,500. Yenye hatua ya sentimita 33 ingetaka kwenda mita 825 kwa dakika, ambazo ni karibu kilomita 50 kwa saa. Yenye hatua ya sentimita 28 ingetaka kwenda mita 700, ambazo ni kilomita 42 kwa saa. Lakini boti ni moja, nayo haiwezi kwenda kwa kasi mbili. Basi ya kulia inasukuma kwa nguvu zote, na ya kushoto inazunguka tu bila kushika maji vya kutosha. Upande wa kulia ukisukuma zaidi, omo ya chombo inageuka kushoto. Hapo ndipo ulipotoka uzito wa usukani ambao tuliuita visingizio.

Mafuta nayo yalikuwa na njia tatu za kupotelea. Mashine ya kulia ilikuwa imebebeshwa mzigo wake na wa mwenzake, na mashine iliyolemewa hunywa mafuta bila kuyageuza yote kuwa mwendo. Ya kushoto ilikuwa ikizunguka kwa kasi bure. Na kwa kuwa nahodha alilazimika kuushikilia usukani upande mmoja safari nzima, chombo kilikuwa kikienda kwa mbavu, kikisukuma maji ambayo hakikupaswa kuyasukuma. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Petroli ilikuwa ikimwagwa ziwani na sisi wenyewe tulioinunua rafadha kwa kuitazama rangi.

Tuliona jawabu ni jepesi: tutafute rafadha ya inchi 13, mambo yarudi yalivyokuwa. Fundi akakataa. Akauliza rafadha zile za kwanza zilichaguliwa wapi. Tukasema Mombasa. Akacheka, akasema trekta likitolewa pwani likaletwa Njoro hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu mpaka lirekebishwe, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi, na injini hupumua kama mtu.

Binti yetu akatufanyia hesabu. Ziwa Naivasha liko kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mashine ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda. Kwa kimo hicho hasara ni karibu moja ya tano. Farasi 40 wa Mombasa, wakifika Naivasha, wamebaki kama 32 au 33. Rafadha iliyokuwa ya kadiri kwa mashine ile baharini imekuwa mzigo kwake ziwani. Kwa maneno mengine, zile za inchi 13 zilikuwa zikilingana, lakini zote mbili zilikuwa ndefu mno tangu siku ya kwanza. Rafadha tuliyoilaumu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na sawa. Tulichohitaji ni ya pili ya inchi 11, na pia kurekebisha mashine zipokee mafuta machache kulingana na hewa chache.

Kabla hatujanunua chochote, nahodha aliomba jambo moja. Alisema amewahi kuona watu wakibadilisha rafadha, kumbe ugonjwa uko kwenye mashine. Akaomba kwanza zibadilishwe mahali: ya kulia iende kushoto, ya kushoto iende kulia. Ikiwa taabu itahama pamoja na rafadha, basi ni rafadha. Ikiwa itabaki palepale, basi ni mashine. Jumamosi tulishuka sote Naivasha, hata Mama, amejifunga shali mbili.

Mara ya kwanza, kabla ya kubadilisha, nahodha alifungua mafuta mpaka mwisho boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, na binti yetu akasoma mita za mizunguko. Mashine ya kushoto ilionyesha 5,400, ya kulia 4,600. Kitabu cha mashine zetu kinataka ziwe kati ya 4,500 na 5,500. Moja ilikuwa inakaribia dari, nyingine inakaribia sakafu, na boti ilipokuwa nyepesi ya kushoto ilipita kabisa mpaka wake. Baada ya kubadilisha, namba zilihama: kushoto ikawa 4,600, kulia 5,400, na omo sasa ikataka kwenda kulia. Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Ugomvi wetu wa ya huyu na ya yule ukafia pale.

Wiki iliyofuata tulifunga rafadha mbili za inchi 11, zilizopimwa kwa sinia kabla ya kulipiwa. Mita zikasimama 5,100 kushoto na 5,100 kulia. Nahodha aliachia usukani kwa kitambo tukiwa mbali na mafunjo, na chombo kikaenda mbele kikiwa kimenyooka. Safari ya saa moja sasa inakula lita 13, pungufu ya siku zile tulizodhani ni nzuri.

Sasa tungependa kusema na nyinyi mlio pwani, maana hali yetu ya ziwani ni ndogo ukiilinganisha na yenu. Kutoka Mokowe kuvuka hadi Lamu, na kutoka Lamu kwenda Pate, Faza na Kizingitini, ni mama zetu na dada zetu wanaopanda boti hizi na watoto mapajani, wakienda hospitali, arusini na matangani. Nyingi zina mashine mbili. Nahodha wetu anasema kwamba katika mawimbi ya kusi, mtu ambaye mikono yake yote inapigana na usukani hana mkono wa ziada likitokea la kutokea. Na mashine iliyobebeshwa mzigo wa mbili huzima siku ambayo ya pili nayo inahitajika zaidi.

Mwenye chombo, au mwenye hisa katika chombo, na tunajua wanawake wengi wana hisa hizo, asinunue rafadha kwa sura. Kwenye kitovu au kwenye panga kuna namba mbili, mara nyingi kwa inchi: ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo mapanga hulizunguka, na ya pili ni hatua. Zote mbili zilingane kwa rafadha zote mbili, na idadi ya mapanga ilingane pia. Moja ikivunjika, ni bora kuwa na jozi ya akiba kuliko kuokota mojamoja. Panga lililopinda likanyooshwa kwa nyundo huenda limebadilika hatua ingawa namba yake haijabadilika, kwa hiyo lipimwe na mwenzake kabla ya kurudi majini.

Tena ajue kwamba kulingana peke yake hakutoshi. Chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, mashine zote mbili zifike ndani ya mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake. Kwa kukadiria, inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika: ukiipunguza hatua mizunguko hupanda, ukiiongeza hushuka. Na ikiwa namba za rafadha ni sawa lakini mita zinatofautiana, basi itazamwe mingine: nyaya za mafuta zinavutwa sawa? Mashine zimefungwa kimo kimoja? Mpira ulio ndani ya kitovu haujalegea ukateleza? Plagi ni safi?

Jambo la hadhari ni hili: jaribio la kubadilishana mahali ni kwa mashine ambazo rafadha zake huzunguka upande mmoja, kama zetu. Boti nyingine kubwa zina mashine moja inayozungusha rafadha kulia na nyingine kushoto, na hizo hazibadilishwi hata kidogo.

Na msafiri naye ana haki ya kuuliza. Ukisikia mashine moja inalia kwa sauti ya juu na nyingine inaguna, au ukimwona nahodha ameinama upande mmoja safari nzima akiushikilia usukani, muulize kwa adabu mkishafika. Huenda na yeye amekwisha kulalamika kwa mwenye chombo, na hakusikilizwa. Vazi la kujiokolea livaliwe tangu mwanzo wa safari, na watoto kwanza.

Tumebakiza deni letu. Tulikuwa tunaweza kunyamaza, kwani nahodha hatukuwa tumemwambia neno usoni. Lakini tulikuwa tumekwisha kulisema jina lake kwa waume zetu na kwa nahodha mwingine gatini. Mama alisema neno lililotoka hadharani halirudishwi kwa siri. Basi tulimwendea yule wa gatini kwanza, tukamwambia tulikosea, na sababu yake tukamweleza na rafadha mkononi. Kisha tukamkalisha nahodha wetu, tukamweleza kila kitu, pamoja na karatasi ya hesabu ya mwisho, tukamwomba atuwie radhi.

Alitazama maji kwa muda. "Nilijua," akasema, "tangu siku mlipoanza kupima dumu mbele yangu. Sikuwa na la kuwajibu, maana hata mimi sikujua mafuta yakienda wapi." Halafu akatuuliza kama ile rafadha ya inchi 13 tunaitaka, kwa kuwa ana mpwa wake Lamu mwenye mashine ya aina hiyo, na huko chini kwenye hewa nzito itamfaa. Tukampa. Aliipima kwanza kwa sinia.